Je, Yafaa Kushangilia Siku za Msiba?

Mkatekumeni akaaye mbele ya televisheni na kushangilia mpira, hali watu wa nchi yake wanauawa, je, atenda dhambi?

Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, Kongo ilicheza na Côte d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo waliziba vinywa kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili wakaonyesha bastola kichwani. Maana yake: mashariki watu wanauawa, na dunia imenyamaza. Kisha wakacheza, wakafungwa bao 1 kwa 0.

Basi, wale hawakuacha mchezo kwa ajili ya msiba, wala hawakusahau msiba kwa ajili ya mchezo. Furaha safi ni kipaji cha Mungu, humpumzisha aliyechoka. Dhambi haimo katika kutazama, bali katika kutazama na kupita. Kuhani na Mlawi walimwona yule aliyepigwa na wanyang'anyi, lakini wakapita kando.

Mtu wa Kipese aliyepaza sauti usiku kwa ajili ya mpira, asubuhi akikutana na mkimbizi mwenye mtoto mgongoni asimwulize hata neno moja, huyo naye ameziba kinywa. Lakini si kwa uchungu, ni kwa ugumu wa moyo. Na ashangilie, kisha afungue mlango, atoe mkeka na sahani ya maharagwe.