Tusijisugue Mbele za Bwana



Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipungukiwa na fedha, wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Upande mmoja yuko tembo aliyeinua mkonga, upande wa pili tai.

Sisi tuliofundisha tumezoea kutoa alama. Wajuzi wa sarafu nao hutoa alama, kuanzia 1 hadi 70. Kwanza huipima sarafu kwa mizani; ile ya Tabora ina gramu 7 na kidogo. Kisha huigeuzageuza penye mwanga, wakichunguza sehemu zilizoinuka, kwani ndizo zinazotangulia kuchakaa.

Lakini asiyejua, akitaka bei nzuri, huisugua mpaka ing'ae. Mjuzi huiona mikwaruzo myembamba, akatambua ya kuwa uso wa asili umeondoka. Bei hushuka. Mara nyingi sarafu iliyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu huishinda iliyosuguliwa.

Je, nasi si ndivyo tufanyavyo? Jumamosi tumegombana na jirani. Jumapili tunakuja tunang'aa, na maungamo tunayasema kwa midomo tu. Mtume Petro afundisha kwamba imani iliyojaribiwa ina thamani kupita dhahabu (1 Petro 1:7). Basi kabla ya Ushirika Mtakatifu, twende kwanza kwa jirani tukapatane, tena tuungame bila kuficha. Sarafu iliyosuguliwa hairudi kuwa kama zamani. Bali moyo uliovunjika, Bwana aweza kuufanya upya. Amina.