Ukuta wa Binamu na Ukuta wa Mama



Likizo iliyopita nililala siku nne kwa binamu yangu Bukoba mjini, na tangu nimerudi seminarini kuna ukuta mmoja umegoma kutoka kichwani. Mtanisamehe wiki hii nikiandika habari za ujenzi. Nitafika kwenye roho, msiwe na haraka.

Ukuta wenyewe ni wa sebule. Ulikuwa na plasta nzuri na rangi ya krimu. Binamu akaita mafundi, wakaibandua plasta kwa nyundo na tindo mpaka tofali za kuchoma zikabaki wazi, wakazisugua kwa brashi ya waya, wakazipaka vanishi. Dari ya jipsamu nayo ikashushwa, sasa ukiangalia juu unaona mbao za kenchi na mabomba ya nyaya. Meza ni ubao mzito umekaa juu ya miguu ya nondo za kuchomelea. Taa ni balbu za mwanga wa njano zinazoning'inia kwenye waya mweusi. Sakafu ni zege tupu, limesuguliwa hadi linang'aa. Aliona picha Instagram, akaipenda. Ni mtindo wa kiwandani, yaani nyumba unaipamba ionekane kama karakana ya zamani.

Na ni pazuri, nisidanganye. Jioni zile taa zikiwashwa, ukuta ule unapata wekundu fulani wa joto ambao rangi ya dukani haiwezi kuutoa.

Fundi aliyekuwa anamalizia kupaka vanishi aliniita pembeni. "Frateri," akasema, "nyumba yangu mimi iko hivi hivi, huu mwaka wa tisa. Kumbe ni fasheni!" Akacheka. Na mimi nikacheka.

Jumapili binamu akanirudisha nyumbani Muleba kwa gari lake. Hapa lazima niwaeleze kidogo. Binamu huyu ni mtoto wa kaka yake mama. Alipokuwa sekondari alikaa kwetu miaka minne, akala ndizi zetu, na ada yake mara nyingi ilitoka kwenye kahawa ya mama. Alipopata kazi alisema mwenyewe, mbele ya watu: "Shangazi, nyumba hii lipu nitapiga mimi." Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo. Imeezekwa bati, milango ipo, ila kuta ni wazi ndani na nje tangu baba yupo hai.

Basi, tukala. Baada ya kula mama akaanza kuzunguka mbuyu, mnajua wazazi wetu hawadai moja kwa moja. Akauliza bei ya saruji mjini siku hizi. Binamu akaelewa. Akatabasamu, akasema: "Shangazi, usihangaike na lipu. Matofali wazi ndiyo mtindo sasa. Mjini watu wanalipa hela kuitoa plasta!"

Mama akanitazama mimi, msomi wake.

Na mimi, mwenye shahada ya falsafa, nikafungua mdomo. Nikasema kweli, kuna hoja hapo: tofali lisilofunikwa linasema ukweli wake, halijifanyi kitu kingine. Nikaongeza na Injili, Mathayo 23, pale Bwana anapowafananisha mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa. Binamu akapiga makofi. Mama akasema, "Sawa, baba," akainuka kukusanya vyombo. Nilipoinuka na mimi, mgongo wa shati langu jeupe ulikuwa mwekundu kwa vumbi la tofali nililoegemea.

Ukuta wa binamu hauchafui shati. Una vanishi.

Sasa nijaribu kuwaza kama nilivyopaswa kuwaza siku ile. Je, ni kosa mtu mwenye uwezo kuifanya nyumba yake ifanane na ya asiye na uwezo?

Mtindo huu haukuzaliwa kama mchezo wa matajiri. Miaka ya 1960, mtaa wa SoHo jijini New York ulikuwa na majengo mengi ambayo viwanda vilikuwa vinayahama. Wasanii wasio na hela wakaingia, kwa sababu pango lilikuwa rahisi na nafasi ilikuwa kubwa. Wengi walikaa humo kinyume cha sheria mpaka mwaka 1971, jiji liliporuhusu wasanii waishi humo. Matofali na mabomba waliyaacha yaonekane kwa kuwa hawakuwa na namna. Baadaye wenye fedha wakapapenda, pango likapanda, na hali ya kukosa ikageuka mapambo. Kwa hiyo hata kule mwanzoni alikuwepo mtu kama yule fundi wetu.

Je, ukuta wa binamu unasema uongo? Nilitaka sana jibu liwe ndiyo, ingenirahisishia kazi. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba uongo unahitaji nia ya kueleza kisicho kweli, na kwamba mtu anaweza kudanganya hata kwa matendo, siyo kwa maneno tu. Binamu hamdanganyi mtu. Hakuna mgeni anayeingia pale akadhani kweli ni kiwanda. Ni kama mwigizaji jukwaani: amevaa matambara, na wote tunajua ana nguo nyumbani.

Thoma ana neno lingine linalochoma zaidi. Katika Summa, sehemu anapozungumzia mavazi, anamfuata Agostino kwamba majivuno hayakai kwenye hariri tu. Mtu anaweza kujionyesha hata kwa nguo duni na chafu. Bwana mwenyewe, Mathayo 6, aliwaonya wanaokunja sura ili watu wajue wamefunga. Kumbe unyenyekevu nao unaweza kuwa vazi la kutokea.

Hapo nikasimama, maana nilijiona. Mimi ninayejiandaa kwa upadre, ninayeambiwa niishi maisha ya kiasi, si nami nimechagua ukuta bila plasta? Chumba changu seminarini kina kitanda, meza na msalaba. Wageni wakiingia wanasema, "Frateri mnaishi kwa kujinyima." Lakini bati halivuji, na kengele ya chakula inagonga mara tatu kwa siku. Mama yangu hana kengele. Fransisko wa Asizi, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, alipovua nguo zake na kumrudishia baba yake, alijifungia njia ya kurudi, akaenda kukaa na wakoma. Binamu akichoka na tofali zake mwezi ujao, atampigia fundi simu. Mimi nikichoka... jibu hilo naliacha kwa baba wa kiroho.

Halafu kuna jambo la kawaida kabisa ambalo kwenye somo la metafizikia hatukuligusa. Lipu ina kazi. Bukoba na sehemu za Muleba zilizo karibu na ziwa hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Tofali zilizojengewa kwa udongo, mvua ikizipiga miaka na miaka, ule udongo unatoka taratibu. Matundu ni makazi ya kunguni na mbu. Ukuta wazi unameza mwanga, sebule ya mama saa kumi jioni ni giza. Binamu anaweza kuacha tofali zake wazi kwa sababu zimejengewa kwa saruji, na zinalindwa na vanishi ndani na plasta nje (ya nje hakuitoa, mjanja). Kwa hiyo nilipozungumzia "ukweli wa tofali" nilikuwa nazungumzia ukuta wa Bukoba huku nimeegemea ukuta wa Muleba.

Nakubali plasta nayo inaweza kudanganya. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Kagera. Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa muda, wanafunzi wakahamishwa. Baada ya pale yapo majengo ambayo ufa wake ulipakwa plasta na rangi, maisha yakaendelea. Huo kweli ni ukuta uliopakwa chokaa. Lakini mama hakuwa anaficha ufa wowote. Aliomba ukuta wake umalizike.

Na tusidhani kwamba Wahaya walikuwa wanangoja New York iwafundishe kuacha nyumba ionyeshe mifupa yake. Ndani ya msonge uliona kila nguzo na kila fito, nyasi laini zikitandazwa sakafuni, na hakuna aliyeona aibu. Habari za viwanda nazo ni zetu. Pale Kemondo, njia ile ile tuliyopita na gari la binamu, wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za karne nyingi sana zilizopita, na miaka ya 1970 wazee wa Kihaya wakawajengea watafiti tanuru kama lile walilolikumbuka. Msonge haukuwa aibu kwa sababu ulikuwa nyumba iliyokamilika. Aibu ya tofali wazi ni kwamba kila anayepita anajua uliishiwa wapi.

Mjomba wangu mmoja alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Zege, mabomba, vumbi, kelele. Kwake kuta ni nyeupe, makochi yana vitambaa vya kufuma, na kuna maua ya plastiki juu ya televisheni. Sidhani kama ukimpelekea nondo sebuleni atakuelewa.

Usiku ule nilimkuta mama jikoni, nikamwomba msamaha, ingawa sikujua hasa nianzie wapi. Akanisikiliza huku akipepeta maharage. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Jumuiya ndogo ndogo yetu husali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu yake ikifika, huwaambia wenzake waketi nje, chini ya mwembe, kuna hewa nzuri. Nilidhani ni kwa sababu ya hewa. "Watu wanakuja na nguo zao safi," akasema. "Wakiegemea, wanaondoka na tofali langu mgongoni."

Nililala vibaya. Asubuhi nilimpigia binamu. Sikumhubiria, nilimsimulia habari ya mwembe tu. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kosa lake, nadhani, halikuwa sebule yake. Alichukua kitu alichokipenda kwa haki akakitumia kujitoa kwenye ahadi, na mimi nikampigia muhuri kwa Kilatini.

Wiki mbili baadaye saruji ikaletwa Muleba, na mchanga, pamoja na yule fundi wa vanishi. Hela ilitosha sebule na ukuta wa nje wa upande mvua inakotokea, vyumba bado. Binamu alikuja mwenyewe na karatasi ya dukani ya kuchagulia rangi, akamshauri shangazi yake achukue kijivu, kimetulia. Mama akachagua kijani cha kuwaka, kama ganda la embe bichi. Binamu akaniangalia, akameza mate, akaenda kununua kijani.