Je, Ulezi Una Masharti?

Kiswahili hutenga mzazi na mlezi, wala hakifanyi hivyo bure. Uzazi hutokea mara moja; ulezi ni kazi ya kila siku, na wahenga walikwisha kunena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Swali tunalokusudia kulijadili ni hili: je, kazi hiyo ina masharti? Mtoto akiwa si yule tuliyemtazamia, wajibu wa mlezi hukoma?

Natuchukue mfano wa Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala. Tuseme huko Bwaise yupo kijana wa miaka 15 ambaye alipozaliwa aliandikwa msichana, lakini tangu utotoni nafsi yake humwambia kuwa yeye ni mvulana. Baba yake amemfukuza, na shangazi yake amempokea. Ugumu wa jambo hili waonekana mara moja, kwani kwa mila za Waganda shangazi, yaani ssenga, ndiye akabidhiwaye kazi ya kumfunza binti wa kaka yake mambo ya kike. Jamaa watamwambia: wajibu wako ni kumrudi, si kumpa hifadhi.

Hoja ya jamaa haifai kudharauliwa. Wanachelea dini, majirani na dola. Mwaka 2023 Uganda ilitunga sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Kijana wa mfano wetu hakutenda lolote linalokatazwa humo, lakini wengi hawatofautishi kati ya jinsi mtu anavyojiona na matendo yake. Kifungu cha 14 kilimtaka kila mtu apeleke polisi habari za yule aliyemshuku. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho, ingawa sehemu kubwa ya sheria iliachwa. Na hofu haikufutwa.

Hata hivyo, ipo sheria kongwe zaidi. Sheria ya Watoto ya 1996 inamtaka kila aliye na mtoto mikononi mwake ampe chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Aidha, inamwagiza mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba mzazi anayeweza kumtunza mtoto amekataa kufanya hivyo, aufikishe kwenye baraza la mahali pale. Sheria hii haiulizi mtoto ni wa namna gani. Kwa mujibu wake, jambo la kushtakiwa ni mlango uliofungwa, si mtoto aliyeachwa nje.

Yamkini watatokea watakaotukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inahusu ujeuri, uvivu na wizi; kijana huyu hakumdhulumu mtu. Wengine watasema kwamba kumpokea ni kukubaliana naye katika kila jambo. Sisi hatuoni hivyo. Kuelewa huchukua muda, na njaa haingoji. Shangazi aweza kuwa na maswali mengi asiyoyapatia majibu, na bado akamlipia karo, akamsikiliza, akamwita kwa jina analoliitika, tena akamsitiri. Kusitiri si kudanganya. Ni kutambua kwamba siri ya moyo wa mtoto si mali ya mtaa. Na tuitazame njia ya pili: kijana aliyefukuzwa haachi kuwa vile alivyo. Hubaki vivyo hivyo, ila sasa hana chakula wala shule, na usiku yu mikononi mwa kila mwenye nia mbaya.

Walimu wenzetu, nasi tu walezi. Aghalabu mwalimu ndiye wa kwanza kugundua kwamba mwanafunzi hana anakolala, na maneno yake katika chumba cha walimu yaweza kumwokoa au kumwangamiza. Lugha tunayoifundisha yatufaa kwa mfano. Kiambishi a- humhusu mwanamume na mwanamke sawia. Hatulazimiki kuijua jinsia ya mtu ndipo tuseme kwamba anakula, anasoma, analala. Twaamini kuwa ulezi nao hauna budi kuanzia hapo: mtoto ale, asome, alale salama. Yaliyosalia yatazungumzwa akiwa ndani ya nyumba.