Juu ya Kung'oa Miti ya Nyumbani

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kuleta mbele yenu swali moja la nyumbani. Si swali la mashamba makubwa wala la misitu ya serikali. Ni swali la miti michache iliyosimama karibu na mlango wa mtu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akirithi kihamba cha baba yake pamoja na miti iliyomo, je, ni haki yake kuing'oa kwa siku moja kwa sababu tu anao uwezo wa kuing'oa? Wengine watajibu upesi, "Mali ni yake, na afanye apendavyo." Wengine watasema, "Mti wa mzee hauguswi." Majibu yote mawili ni mepesi, nasi twaona ya kuwa hayatoshi. Basi na tusimulie kwanza jambo lililotokea, kisha tulipime.

Mwezi wa Desemba 2023 mtu mmoja alirudi kwao kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama ilivyo desturi ya Wachagga wafanyao kazi mijini kurudi nyumbani wakati wa Noeli. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake alikaa peke yake katika nyumba ya zamani. Mwana huyu alikusudia kumjengea mama yake nyumba mpya, na kufungua njia ya gari hata mlangoni, ili mama akiugua usiku apate kuchukuliwa upesi. Twalisema neno hili mapema, ili msomaji asidhani ya kuwa twasimulia habari za mtu mbaya. Nia yake ilikuwa njema.

Mahali palipotakiwa kwa nyumba na njia palikuwa na miti mitatu: migrivea miwili, na mparachichi mmoja uliokwisha kuzeeka. Mgrivea mmoja ulikuwa umeinamia paa, na mama aliuogopa kila upepo ulipovuma. Basi mwana akakodi mtambo ule ambao watu huuita kijiko. Wasomaji wengi wameuona: una magurudumu manne, mbele una beleshi pana la kusukumia na kupakilia udongo, na nyuma una mkono mrefu wa kuchimbia. Kampuni ya J. C. Bamford ya Uingereza ilitoa mtambo wake wa kwanza wa namna hii mwaka 1953, na sasa umeenea hata vijijini kwetu. Uzito wake ni kama tani saba au nane, na kazi yake ya saa moja yapita kazi ya watu wengi wa sururu kwa siku nzima.

Dereva alijua kazi yake. Mgrivea ulioinamia paa ulipunguzwa matawi kwanza, ukafungwa kamba, ukavutwa upande wa pili. Ile mingine hakuikata, bali aliiacha isimame, maana shina refu ni wenzo, na kisiki kifupi hakina mahali pa kusukumia. Akachimba mtaro kuuzunguka kila mti, akikata mizizi ya pembeni. Kisha akageuza mtambo, akaegemeza beleshi juu shinani, akasukuma polepole. Mti ukalala chini pamoja na kisiki chake. Hata ilipofika saa sita mchana, miti yote mitatu ilikuwa chini, wala hakuna mtu aliyeumia.

Laiti kazi ingalikoma hapo, tusingalikuwa na neno la kuandika. Lakini mtambo ulikuwa umelipiwa hata jioni. Dereva akauliza, "Bwana, iko mingine?" Mwana akatazama kihamba, akaona ya kuwa saa zimebaki nyingi na fedha imekwisha kutoka mkononi. Akaonyesha kwa kidole: ule, na ule, na ule pale. Hivyo ukaanguka mruka uliotia kivuli kahawa. Ukaanguka mringaringa uliosimama ukingoni mwa mfereji. Na mtambo ulipogeuka kutafuta njia, ulipita mpakani ukayang'oa masale.

Mama alikuwa jikoni akiwapikia watu wa kazi. Alipotoka, yote yamekwisha. Akasema neno moja tu: "Mwanangu, mringaringa ule baba yako aliupanda mwaka uliozaliwa wewe." Mwana akanyamaza, maana hakujua. Wala hakuuliza.

Hapo ndipo penye swali letu. Miti ile mitatu ya asubuhi ilikuwa na sababu ya kuanguka: mmoja ulitisha nyumba, na miwili ilisimama mahali pa kujenga. Ile ya mchana ilikuwa na sababu gani? Haikuzuia njia, wala haikutisha paa. Iliangushwa na saa zilizobaki. Na tukichunguza sana tutaona ya kuwa maovu mengi hutendeka kwa namna hiyo. Mtu hakuyakusudia hata kidogo. Alikuwa na nguvu iliyobaki mkononi mwake, naye akaona ni hasara kutoitumia.

Fikirini jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Kuangusha mringaringa mkubwa kwa shoka ilikuwa kazi ya kuchosha, na kung'oa kisiki chake kwa sururu kazi ya siku nyingi. Mtu alipolitwaa shoka, kazi yenyewe ilimwuliza: Je, mti huu wastahili jasho lako? Kama haja yake ilikuwa ndogo, alilirudisha shoka nyumbani. Tena mlio wa shoka husikika mbali. Jirani alikuja kutazama, mzee alipita njiani akasimama, mama alitoka nje. Palikuwa na nafasi ya mtu kusema, "Ngoja kwanza." Mti uliookoka katika siku hizo si lazima uwe uliokolewa na hekima, mara nyingi uliokolewa na uchovu.

Hatusemi haya ili kuusifu uchovu. Shoka limevunja migongo ya wengi, na mti ukatwao kwa mkono umewaangukia watu wakafa. Anayesema turudi kwenye shoka, aende yeye akang'oe visiki vitatu kwa sururu, kisha aje atuambie. Mtambo ni msaada, nasi twashukuru kwa msaada. Tunalosema ni hili: ugumu wa kazi ulikuwa ukitufikiria bila sisi kujua. Mtambo umeondoa ugumu, na pamoja nao umeliondoa swali. Kijiko hakiulizi. Dereva huuliza ni mti upi, wala haulizi kwa nini, maana kuuliza hivyo si kazi yake. Basi swali lililokuwa zamani katika mpini wa shoka, sasa hapana budi likae moyoni mwa mwenye kihamba, tena likae humo kabla mtambo haujafika mlangoni. Mwenye nguvu nyingi yampasa kufikiri zaidi kuliko mwenye nguvu chache, kwa sababu hana kitu kingine cha kumzuia.

Lakini yuko atakayetuuliza, "Afikiri nini, ikiwa mali ni yake?" Na tulitazame neno hilo, yaani "yake". Kihamba si uwanja mtupu. Juu kabisa ni miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharagwe. Kila kimoja hukaa katika kivuli cha kingine. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitia vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo wa ulimwengu, kwa ajili ya hekima hiyo ya wazee. Basi mti ulio ukingoni mwa mfereji, ni wa nani? Mwenye kihamba aweza kuuza mbao zake. Lakini mizizi yake hushika udongo wa ukingo, na maji ya mfereji ule huenda kwa majirani. Kivuli chake ni cha kahawa ya mama. Kumbukumbu yake ni ya yule aliyeupanda naye hayupo, na mbao zake za mizinga na za vitanda ni za wajukuu ambao hawajazaliwa. Mti ni wa mtu mmoja, lakini wenye sehemu ndani yake ni wengi. Katika vijiji vyetu vingi mtu hutakiwa kupata kibali kabla ya kuangusha mti, na vema hivyo. Lakini kibali hujibu swali la serikali tu, hakijibu swali la mama.

Hata vitani yapasa mtu kupambanua. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 20, jeshi lizungukalo mji lilikatazwa kuiharibu miti ya matunda kwa shoka, likaruhusiwa kuikata ile isiyozaa chakula. Wala sheria hiyo haikuweka miti kuwa juu ya watu. Iliwataka watu, hata katika ghadhabu ya vita, wasimame mbele ya kila mti na kuuliza huu ni mti gani. Ikiwa askari alitakiwa kupambanua katika nchi ya adui, si zaidi mwana katika kihamba cha baba yake?

Tena yuko atakayesema, "Mti si mtu, ukiondoka, mwingine hupandwa." Neno hili ni kweli nusu. Mti hupandwa, miaka haipandwi. Mringaringa ukipandwa leo utatia kivuli baada ya miaka mingi, na mama yule ni mzee. Basi tukimwambia, "Tutapanda mwingine," twamwahidi kitu ambacho hatakiona. Yako makosa ambayo mkosaji huweza kuyalipa. Lakini ni vigumu kulipa kosa ambalo aliyekosewa hataishi hata siku ya malipo. Hii ndiyo sababu twasema kuuliza kwafaa kuliko kutubu.

Mvua za masika ya mwaka 2024 zilikuwa nyingi. Ukingo wa mfereji, uliokosa mizizi, ukabomoka kwa urefu wa hatua kadhaa, na matope yakashuka katika kihamba cha jirani wa chini. Mashimo ya visiki, yaliyofukiwa kwa haraka pasipo kushindiliwa, yakadidimia yakawa madimbwi. Udongo mweusi wa juu ulikuwa umechanganyika na ule mwekundu wa chini, na mahali magurudumu yalipopita ulikuwa mgumu kama sakafu. Jirani akalalamika kwa ajili ya matope, tena kwa ajili ya mpaka, kwa kuwa masale hayapo.

Yule mtu alikubali kosa lake. Nanyi mwajua ya kuwa kwa Wachagga mtu akitaka kuomba msamaha huchukua jani la isale, akampelekea yule aliyemkosea. Basi akatoka kutafuta jani la isale katika kihamba chake, asipate; yalikuwa yameng'olewa yote siku ile. Ilimlazimu kwenda kuomba kwa nyumba nyingine, na kueleza kwa nini anaomba. Akalipeleka, jirani akalipokea, wakajenga ukingo pamoja. Mpakani wakapanda masale mapya kwa vipande vya shina. Kandokando ya mfereji mwana akapanda miringaringa mitatu. Mama akaitazama, akasema, "Vema," akarudi ndani.

Basi, ndugu msomaji, ukikusudia kuleta mtambo nyumbani kwako, usiogope, lakini fanya mambo haya. Siku iliyotangulia, zunguka kihamba pamoja na mama au baba, na jirani wa mpakani, ukiuliza habari za kila mti: nani aliupanda, na unashika nini. Funga kitambaa kwenye miti itakayoondoka, hiyo tu, na umwonyeshe dereva, ukapatane naye kwa hesabu ya miti kuliko kwa hesabu ya siku. Mti ulio ukingoni mwa maji uuache. Udongo wa juu uwekwe kando, urudishwe juu. Mashimo yashindiliwe. Na kazi ikiisha saa sita, mpe dereva chakula, umshukuru, mtambo uende zake. Fedha ya nusu siku itakuwa imepotea; ni kweli, nasi hatulidharau neno hilo, maana fedha ni jasho. Lakini yapo mambo ambayo mtu huyanunua kwa kuacha kutenda, na nusu siku hiyo huenda ikawa ndiyo bei ya mringaringa.

Swali tuliloanza nalo lilikuwa kama mtu anayo haki ya kuing'oa miti aliyorithi. Sisi twajibu: anayo, kwa mti ambao ameuuliza habari zake na kuzijua. Kwa ule ambao hajauliza, haki yake bado haijafika, hata kama mtambo umekwisha kufika.