Deni Analolipa Asiyekopa

Kikao kiliitishwa baada ya swala ya isha kwa ajili ya binti ambaye hakuwepo. Dada wa kazi alikuwa amefunga virago alfajiri ya siku ile, hakudai hata mshahara wa nusu mwezi aliokuwa ameufanyia kazi. Mama mwenye nyumba alipompigia simu kumwuliza kulikoni, alisikia kilio tu. Basi wakaitwa mjomba na shangazi, ukatandikwa mkeka barazani, ikaletwa kahawa, na kijana wa nyumba akaketishwa mbele yao. Ana miaka 26, ana kazi yake, na akivaa hupendeza. Jana yake alikuwa amemrushia yule binti sahani ya chakula kwa sababu mchuzi ulikuwa umegusa wali. Haikuwa mara ya kwanza. Yalianza matusi, yakafuata makonzi, hadi ikafika sahani.

Mjomba akamwuliza ana lipi la kusema.

"Mjomba, mnisamehe," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa tangu mchana, "lakini mimi nina usonji. Vyakula vikigusana siwezi kuvumilia. Ndivyo ubongo wangu ulivyo." Akatoa simu kuonyesha alama alizopata kwenye maswali aliyoyajibu mwenyewe.

Watu wakatazamana. Mama akaanza kutokwa na machozi, na machozi yale yalikuwa na nafuu ndani yake: kumbe mwanawe si mkorofi, ni mgonjwa. Mjomba naye akajikohoza kama mtu anayetafuta dua ya kufungia. Kidogo tu kikao kiishie pale.

Nakiacha kikao hapo kwanza. Kuna jiji la mbali ambako jibu kama la kijana huyu lilipelekwa mahakamani, likapimwa neno kwa neno, na ni vizuri tupitie huko kabla ya kurudi barazani.

Jumatatu ya tarehe 23 Aprili 2018, muda mfupi kabla ya saa saba na nusu mchana, gari jeupe la mizigo lililokodiwa lilipanda njia ya waenda kwa miguu katika barabara ya Yonge, kaskazini mwa Toronto, nchini Kanada. Ilikuwa moja ya siku za mwanzo za jua baada ya majira ya baridi, na watu walikuwa wametoka kuota joto. Dereva hakupitiwa na usingizi, wala breki hazikumkatikia. Aliwafuata watu, akaendelea hivyo kwa zaidi ya kilomita 2. Waliuawa watu 10, 8 kati yao wanawake, na aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka 94. Wengine 16 walijeruhiwa. Mmoja wa majeruhi hao hakutoka tena hospitali. Alilala kitandani zaidi ya miaka 3 kisha akafariki, Oktoba 2021.

Dereva alikuwa na miaka 25, ndiyo kwanza amemaliza chuo. Jina lake sitalitaja. Si kwa kulisahau. Jaji aliyemhukumu, Anne Molloy, alikataa kulitamka aliposoma uamuzi wake, akamwita John Doe, jina wanalopewa huko watu wasiojulikana, kwa sababu kitu alichokitafuta mtu huyu ni kujulikana. Naona jaji alifanya la maana, nami nitafuata nyayo zake.

Kesi ilisikilizwa kuanzia Novemba 2020 kwa njia ya video, maana dunia ilikuwa imefungiwa ndani na UVIKO-19. Hapakuwa na ubishi juu ya kilichotendeka. Mshtakiwa alikiri kuwa yeye ndiye aliyeendesha gari na kwamba aliua. Mawakili wake walileta hoja moja tu. Mteja wetu, walisema, ana usonji tangu utotoni, na usonji huo umemzuia kuelewa hasa ubaya wa alichokifanya. Kwa hiyo sheria isimhesabu kuwa na hatia ya jinai. Daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani aliletwa kuiunga mkono hoja hiyo.

Ukiisikiliza haraka utadhani swali lilikuwa kama mtu huyu ana usonji au anasingizia. Halikuwa hilo. Usonji wake ulikuwa wa kweli, umeandikwa na madaktari tangu akiwa mtoto, na jaji aliukubali. Alikwenda mbali zaidi ya hapo, akakubali kwamba kwa mujibu wa sheria ya Kanada usonji unaweza kuingia katika fungu la hali za akili zinazofungua mlango wa utetezi wa namna ile. Mlango ukafunguliwa. Mshtakiwa akashindwa kupita.

Alishindwa kwa sababu ya mambo aliyoyafanya na kuyasema mwenyewe. Alilipanga tendo lake. Alilikodi gari kwa ajili hiyo, akachagua siku ambayo masomo yangekuwa yamekwisha. Aliwaeleza wataalamu kwamba alijua kuua ni kosa, na kwamba alitaka dunia imtaje. Hapo ndipo utetezi ulipojikata miguu. Anayetaka kusifika kwa uovu ni lazima awe anaujua uovu, tena aujue kwa macho ya wanaomtazama, la sivyo angetarajia vipi wamstaajabie? Tarehe 3 Machi 2021 jaji akamtia hatiani kwa mauaji ya watu 10 na kujaribu kuua wengine 16. Juni 2022 akafungwa maisha, na ombi la kutoka kwa msamaha haliwezi kusikilizwa kabla ya miaka 25.

Haki kwa waliouawa ilipatikana kwa kiasi ambacho mahakama inaweza kuitoa. Lakini kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakilipa tangu siku kesi ilipofunguliwa, nao hawakuwa wamekodi gari lolote. Vyama vya watu wenye usonji na familia zao nchini Kanada vilitoka hadharani kuipinga hoja ile. Fikiria uko pale, mtoto wako ana usonji, na kila jioni taarifa ya habari inalifunga neno hilo pamoja na maiti barabarani. Kesho yake unampeleka mtoto kwenye bembea, na mama wa jirani anamvuta wa kwake mkono. Hakuna aliyekuuliza. Deni limeandikwa kwa jina lako.

Na hoja yenyewe ilijengwa juu ya elimu iliyosomwa kwa haraka. Mwaka 1985, watafiti watatu wa London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliwachezea watoto mchezo wa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi kwenye kikapu na kutoka, Anne anaihamishia kwenye kisanduku, Sally anarudi. Ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walisema kwenye kisanduku, mahali gololi ilipo kweli, badala ya kikapuni, ambako Sally anadhani ipo. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na ulitufunza kwamba kuyasoma mawazo ya mwenzio si jambo linalomjia kila mtu vilevile. Ila mtaani ukageuka. Watu wakausikia kama kwamba mwenye usonji hana huruma. Mchezo ule haukumwuliza mtoto hata mmoja kama angependa Sally alie. Kutojua mwenzio anawaza nini ni jambo moja, kutojali akiumia ni jingine, na walio karibu na watu wenye usonji watakwambia kwamba wengi wao, wakishaelezwa kuwa wamemwumiza mtu, hulibeba jambo hilo siku nyingi kuliko sisi. Mwaka 2012 mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, akaligeuza swali lenyewe: mbona hatusemi kwamba sisi nasi tunashindwa kuwasoma wao?

Wala sisemi usonji usitajwe mahali pa hukumu. Mwingereza Gary McKinnon alishtakiwa na Marekani kwa kuingia katika kompyuta za jeshi na za NASA mwaka 2001 na 2002. Alikiri kuingia. Baadaye madaktari wakamkuta na hali iliyokuwa ikiitwa Asperger, ambayo siku hizi huhesabiwa ndani ya usonji, na Oktoba 2012 Theresa May, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akazuia asipelekwe Marekani kwa kuhofia kwamba angejiua. McKinnon hakusema si yeye. Aliomba atazamwe alivyo kabla ya kuamuliwa atapelekwa wapi.

Haya, turudi barazani.

Jirani alikuwa amefika katikati ya kikao kurudisha sufuria, akakaribishwa kahawa kama ilivyo ada. Mtoto wake wa kiume ana miaka 11 na ana usonji. Mtaa mzima unamjua kwa kuziba masikio kila pikipiki inapopita. Alimsikia kijana, akainamisha kichwa, akawa anauzungusha mfuniko wa sufuria mapajani.

Shangazi ndiye aliyeweka kikombe chini. Ni mtu mzima asiyejua Toronto wala Sally, miaka mingi ameuza vitumbua.

"Baba," akamwambia, "kazini mchana unakula wapi?"

"Kwa mama ntilie, shangazi. Hapo nje ya ofisi."

"Anawapakulia kwenye nini?"

"Sahani."

"Wali na mchuzi sahani moja?"

Kijana akachelewa kidogo. "Moja."

"Umeshamrushia?"

Akanyamaza.

"Na bosi wako akikukera?"

Akatazama simu yake. Ilikuwa imezimika mwanga.

Nilipohadithiwa kisa hiki, yaliyobaki nilihisi ni ya ziada, lakini jirani alisema neno ambalo siwezi kuliruka. Hakumwita kijana mwongo. Alisema huenda anao kweli, wapo watu wazima wengi waliokuja kujua ukubwani, na kwamba chakula kugusana si kisingizio cha kupuuzwa. Mwanawe hutapika ukimlazimisha. Alisema pia, na hili alilisema akiwatazama wote, kwamba mtoto wake amewahi kumwumiza. Alizidiwa na kelele za harusi, akapiga kichwa chake ukutani, na mama alipomzuia akamng'ata mkono. Alama bado ipo, akaionyesha.

"Lakini hachagui," akasema. "Likimjia, linamjia yeyote aliye mbele yake, na la kwanza anajiumiza mwenyewe. Likiisha anakuja kunishika mkono huu huu. Nami tangu siku ile nimejifunza kumtoa mapema, simwachi amwumize mwingine kisha niseme ndivyo alivyo. Shule mbili zimenikatalia, wananiambia atawaumiza wenzake. Hajamwumiza mwanafunzi hata mmoja. Sasa wewe mwanangu, ukienda kulisema hilo neno huko nje baada ya kumvunjia mtu sahani usoni, wa tatu atakayenikatalia nitamwambia nini?"

Akachukua mfuniko wake, akaaga. Sufuria akaisahau mkononi, akarudi nayo kwao.

Hapo kijana alijaribu kueleza, na maelezo yake hayakuwa ya kijinga. Alisema kelele za ofisini humchosha, siku nzima anajikaza, anajichekesha, anavumilia mchuzi juu ya wali, na akifika nyumbani hana tena nguvu za kujizuia. Nayaamini hayo. Watu wenye usonji husimulia uchovu wa namna hiyo, wa kuvaa uso usio wao kutwa nzima. Mwenye mzigo kama huo anastahili sahani mbili, chumba tulivu, na daktari wa kweli badala ya maswali ya kwenye simu. Mama yake angempa vyote hivyo siku ya kwanza, angeomba. Kilichonishinda ni mzigo kutuliwa kila siku juu ya mtu yule yule: aliye mdogo kuliko wote nyumbani, asiye na ndugu pale, anayelala jikoni. Mtu aliyeishiwa nguvu kweli huanguka popote. Yeye alikuwa akichagua pa kuangukia.

Mjomba hakuhubiri. Aliamua mambo mawili: kijana aende hospitali akapimwe, na mshahara wa binti utumwe usiku ule ule, wote wa mwezi, kutoka mfuko wa kijana mwenyewe, kisha apige simu kuomba radhi akisikika na wote. Mama akamsomea namba. Katika simu yake ilikuwa imehifadhiwa kwa neno moja, Dada.

Kijana akaingiza namba, akaingiza kiasi. Skrini ikaleta jina la mpokeaji ili athibitishe, majina matatu kwa herufi kubwa, la kwake, la baba na la babu.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Mama akainamia simu, akasoma, akasema anadhani ndiye. Miaka miwili binti ameishi nao, na hakuna aliyekuwa na hakika. Shangazi akamwambia alisome kwa sauti. Akalisoma, jina kwa jina. Kisha akabonyeza 1.