Mkono Usioondolewa: Amana ya Malezi Kati ya Mzazi, Jamii na Dola

Swali la nani anawajibika kwa elimu ya mtoto ambaye hajafikia umri wa darasa la kwanza huulizwa mara nyingi kama swali la bajeti, ilhali kabla ya kuwa la bajeti ni swali la maadili, na kwa jamii za Kiislamu za pwani ya Afrika Mashariki ni swali la dini pia. Anayetaka kujua nani alipe mshahara wa mwalimu wa awali, nani ajenge darasa na nani achangie uji, hana budi kujua kwanza mtoto huyo ni wa nani, kwa maana gani, na aliyekabidhiwa anaruhusiwa kumfanyia nini.

Katika mafundisho ya Kiislamu jibu hujengwa juu ya neno amana, yaani kitu ambacho mtu hukabidhiwa akitunze bila ya kukimiliki, na ambacho ataulizwa habari zake mbele ya mwenyewe. Imamu Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Ihya Ulum al-Din kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake na kwamba moyo wake ni johari safi isiyochorwa kitu. Maelezo hayo huenda sambamba na dhana ya fitra, yaani maumbile mema ambayo kila mtoto huzaliwa nayo. Dhana hizi mbili huiwekea mpaka methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, kwani methali hiyo huonya kwa haki kuwa malezi yana wakati wake, lakini ikichukuliwa peke yake humfanya mtoto kuwa kitu cha kukunjwa apendavyo mkunjaji, wakati mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuikunja ifuate haja zake mwenyewe. Ndiyo maana Al-Ghazali huyohuyo alitaka mtoto aachwe acheze mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, yaani shule ya Kurani, akihoji kwamba kumzuia mchezo na kumbebesha masomo mfululizo huufisha moyo wake na kuidumaza akili yake.

Uzito wa hoja hiyo ulionekana katika pwani ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto wengi wa Kiislamu walianza elimu yao chuoni, ambako walikaa mkekani na kuziitikia herufi baada ya mwalimu, lakini walipoingia shule ya msingi waliwakuta wenzao waliopitia chekechea wamekwisha kutangulia, na mzazi akajiona amelazimishwa kuchagua kati ya dini na shule. Viongozi wa jamii hizo walimwomba Aga Khan msaada, na kutokana na ombi hilo ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa kwa uongozi wa mwalimu Bi Swafiya Said, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye ukahudumia shule zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu. Inafaa kuzingatia kwamba Aga Khan huyo alikuwa Imamu wa Waismailia, ilhali sehemu kubwa ya Waislamu wa mwambao ni Masuni wa madhehebu ya Shafii; mtoto aliwakutanisha watu ambao huswali katika nyumba tofauti za ibada.

Katika darasa la namna hiyo mtoto wa miaka minne hukuta kona ya duka yenye makopo matupu, vifuu vilivyopangwa kwa ukubwa na vizibo vya soda vinavyotumika kama fedha. Anapoanza kwa bismillahi, akampimia mwenzake sukari ya mchanga bila ya kumpunja, kisha akahesabu vizibo vitatu alivyolipwa, basi hesabu, lugha na uaminifu wa mizani vimekutana katika kitendo kimoja, na mwalimu hana haja ya kuitengea dini saa yake na elimu saa yake. Lakini shule hizo hazikuletwa zikiwa tayari. Jamii ndiyo iliyotoa chumba, ikaunda kamati ya shule, ikachangia gharama na kuwateua wanawake wa mtaa uleule waende kufunzwa ualimu.

Tangu wakati huo dola nazo zimeingia uwanjani. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya msingi, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi kwa serikali za kaunti, na sera ya Tanzania ya mwaka 2014 iliiingiza katika elimu ya lazima. Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomwangalia mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 na kuyaunganisha mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Hapa ndipo ugumu wa kifalsafa unapojitokeza. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hutofautisha faradhi ya kila mtu na faradhi ya kutoshelezana, ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine huondokewa na dhambi, na isipotekelezwa na yeyote wote huingia dhambini. Mtu anaweza kudai kwamba, kwa kuwa serikali imeubeba mzigo huu, wanakijiji wamekwisha kutoshelezwa, na kwamba elimu bila ada maana yake ni mzazi kupumzika. Dai hilo ni sahihi kuhusu majengo na mishahara, kwa sababu hizo ni kazi ambazo akizifanya mmoja zimefanyika. Linakosea linapomhusu mtoto mwenyewe, kwa kuwa amana ina hukumu yake.

Katika madhehebu ya Shafii, aliyewekewa amana akimkabidhi mtu mwingine bila udhuru wala ruhusa ya mwenyewe huwa mdhamini wa kila kitakachoharibika, lakini anaruhusiwa kutafuta msaada wa kuibeba mpaka mahali pa usalama, maadamu hakuondoa mkono wake juu yake. Hukumu hii iliwekwa kwa ajili ya mali, hata hivyo inayamulika malezi vizuri zaidi kuliko mjadala wa nani alipe. Mzazi anayemfikisha mtoto kwenye lango la shule ya awali ametafuta msaada, na amefanya vyema. Asiyejua mwanawe amecheza nini, amekula nini na ameogopa nini ameondoa mkono. Ndivyo pia inavyoeleweka methali ya mkono mmoja haulei mwana: inaita mikono mingine iongezeke, wala haisemi kwamba ule wa kwanza ushuke.

Kipimo hichohicho huipima dola, kwa kuwa nayo imepokea amana na haikuimiliki. Serikali inayomtaka mtoto wa miaka minne aketi saa nzima akinakili herufi, ili takwimu za mitihani ya baadaye zipendeze, imemkunja samaki kwa haja yake. Jamii nayo hupimwa kwenye sufuria ya uji. Pale ambapo mtoto huambiwa akae kando wenzake wanapokunywa kwa kuwa nyumbani kwao hawakuleta kilo ya mahindi, deni la mtu mzima limetwishwa amana yenyewe, ambayo haikukopa chochote. Kamati iliyoelewa ilichokabidhiwa itamfuata mzazi jioni, izungumze naye kuhusu mchango wake na kumsaidia akiwa hana, lakini asubuhi kikombe cha mtoto huyo kitajazwa kama cha mwingine.