Mzee Angali na Kauli Yake

Huku Nyanda za Juu Kusini, mzee akiombwa aandike ni nani amwakilishe kwenye mali zake, jibu la kwanza huwa swali: "Mnanichuria?" Utalisikia Tukuyu, utalisikia Kalenga. Karatasi ya namna hiyo inaonekana kama kumshonea mtu sanda angali anatembea. Basi jambo linaahirishwa, magoti yanazidi kugoma, na kila mtoto anajipangia lake. Mmoja anakaa na kadi ya benki ya mama na namba yake ya siri, mwingine anatunza hati ya kiwanja, wa tatu anapokea kodi ya wapangaji. Hakuna aliyeiba, lakini pia hakuna aliyeruhusiwa.

Mimi naona kinyume. Hati ya uwakilishi ni ya mzee mwenye nguvu za kusema, si ya mzee anayekwisha. Ndiyo nafasi yake ya kupanga mwenyewe nani afanye nini, na nani asiguse.

Mama Mkubwa wangu alifundisha shule ya msingi Iringa miaka mingi, akanunua kiwanja Kihesa, akajenga vyumba vya kupangisha. Alipostaafu akarudi Mbeya, akatulia Uyole. Kati ya Uyole na Kihesa kuna zaidi ya kilomita 300: Chimala, Makambako, Mafinga, kisha mteremko hadi Ipogolo na mlima wa kupanda mjini. Kwa mwenye nyonga mbovu hiyo si safari ya kwenda kutia sahihi, wala ya kwenda kusikiliza ugomvi wa mpaka na jirani. Akamchagua binti yake wa pili, nasi tukampeleka kwa wakili wa kujitegemea, Mwanjelwa.

Wakili yule alitutoa wote nje, hata binti mwenyewe. Mlango haukufungwa vizuri, tukawasikia. Alizungumza naye Kinyakyusa kwanza, kisha Kiswahili.

"Mama, karatasi hii inasema nini?"

"Inasema binti yangu atakwenda Iringa badala ya miguu yangu."

"Na kiwanja ni cha nani?"

"Changu. Kwani kimehama?"

Kisha akamsomea mstari kwa mstari. Walipofika kwenye neno kuuza, Mama Mkubwa akamzuia. Kupangisha sawa, kulipa kodi ya pango la ardhi sawa, kusimama kwenye shauri la mpaka sawa. Kuuza hapana. Ukurasa ukachapwa upya. Ningependa kila wakili wa Mbeya na Iringa afanye hivi, hasa kwa wazee wanaosaini kwa dole gumba, kwa sababu alama ya wino haionyeshi kama mwenye kidole alielewa.

Baada ya sahihi, picha na ushuru wa stempu, hati ikapelekwa kwa Msajili wa Hati, maana inagusa ardhi iliyosajiliwa. Hapo ndipo suala la nakala linapoanza. Hati halisi ni moja, na kila ofisi inataka kuiona. Ukiiacha kwenye jalada la mtu, kuipata tena ni kazi. Kwa hiyo halisi inabaki kwa mzee, na zinazosafiri ni nakala zilizothibitishwa. Wakili anaweka halisi na nakala meza moja, analinganisha ukurasa kwa ukurasa, anagonga muhuri, anaandika jina lake na tarehe, anasaini.

Watu wengi huuona muhuri huo kama urasimu wa kutafutia ada. Lakini stesheneri yoyote ya Miyomboni inaweza kukutolea kopi, na kijana anayejua kompyuta anaweza kuongeza neno moja kabla ya kuchapa. Neno lenyewe linaweza kuwa kuuza. Muhuri unamfunga mtu mwenye jina na leseni aseme: halisi nimeiona kwa macho yangu. Binti wa Mama Mkubwa aliwahi kurudishwa na ofisi moja Iringa kwa sababu muhuri ulikuwa ukurasa wa kwanza tu. Alilalamika kutwa nzima. Mimi niliona yule ofisa amemlinda mama asiyemfahamu. Anayenitisha ni yule anayegonga muhuri bila kuuliza halisi iko wapi.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua zikiwa zimechelewa. Kwa kawaida, chini ya Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, uwakala unakoma aliyeutoa akifariki au akipotewa na akili timamu. Uingereza walitunga sheria mwaka 2005 inayomruhusu mtu kuandika hati itakayoendelea kutumika hata akili ikimtoka. Yetu haiendi hadi huko. Ugonjwa wa kusahau ukishashika kasi, mzee hawezi tena kutoa uwakilishi, na njia inayobaki ni ya mahakamani. Akifa, hati imekwisha siku hiyohiyo, na anayeruhusiwa kugusa mali ni msimamizi wa mirathi. Kwenda benki na nakala wakati matanga hayajaanuliwa ni kosa, hata kama fedha ni za kununua mchele wa waombolezaji, na hata muhuri ungekuwa mzuri kiasi gani. Nimeona ndugu wakivunjika vipande kwa jambo hili, na aliyechukua hakudhani kabisa kwamba anakosea.

Vijijini haja inaongezeka. Tangu hati za hakimiliki za kimila zilipoanza kutolewa Mbozi, na baadaye katika vijiji vingi vya Iringa, wazee wengi wana karatasi ya shamba kabatini na watoto walioko mbali. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Kilichonifurahisha zaidi kwa Mama Mkubwa ni daftari. Ualimu haujamtoka. Kila nakala iliyotoka aliiandika: imekwenda ofisi gani, tarehe gani, imepelekwa na nani. Mwaka jana binti alihamia Dodoma kikazi, na Mama Mkubwa akaamua kazi ya Kihesa ipewe mwanawe wa kiume anayeishi Mafinga. Mtoaji ana haki ya kuitengua hati yake, ila waliokuwa wakiitegemea lazima wajulishwe, la sivyo wataendelea kumpokea mwakilishi wa zamani. Wakili akaandika barua ya utenguzi, akaomba orodha ya wa kupelekewa. Mama Mkubwa akavaa miwani, akafungua daftari, akaanza kumtajia.